Uliwahi kuitwa mwizi kabla hujaiba? Tupeane uzoefu

Nyota Njema: Leo jirani kamwita mwanawe wa miaka 9 "jambazi" kisa kavunja kikombe. Nimekumbuka mbali. Mliowahi kubandikwa jina, karibuni.

Msafiri: Shule ya msingi ilipotea pesa ya mchango. Mwalimu hakuuliza, alinisimamisha mbele: "Mkono mrefu, toa." Akanipekua mpaka soksi, hakukuta kitu. Kesho yake pesa ikaonekana ndani ya daftari lake mwenyewe. Samahani sikuipata, jina ndilo lililobaki. Nikikaa karibu na wenzangu wanashika mifuko, mama zao wakawakataza kucheza nami. Walionipokea ni wakubwa wa kona. Wao hawakutaka kujua kama niliiba, walitaka kujua kama naenea dirishani. Nilikuwa na miaka 13. Nikapita. Siku niliyokamatwa, mwalimu yule akasema mbele ya mama yangu, "Si niliwaambia?" Pingu hazikuniuma vile.

Bi Mkubwa: Pole mwanangu. Hapo kwenye kushika mifuko nimemkumbuka kaka yangu.

Jiwe Gumu: Tusiwatetee kupita kiasi. Mimi mtaa mzima uliniita mhuni na sijaiba hata sindano. Dirishani ulipita kwa miguu yako.

Msafiri: Kwa miguu yangu, na adhabu nilitumikia. Wewe nyumbani nani alikuwa anakuamini?

Jiwe Gumu: Bibi.

Msafiri: Haya.

Mama Ustawi: Nafanya kazi na watoto waliokinzana na sheria. Miongozo ya Riyadh ya Umoja wa Mataifa, 1990, ya kuzuia uhalifu wa watoto, inasema wazi kwamba kumwita kijana mkosefu mara nyingi humjengea tabia hiyohiyo. Kanuni za Beijing za 1985, za Umoja wa Mataifa pia, kuhusu kesi za watoto, nazo zinataka mtoto anayeshtakiwa asitambulishwe hadharani. Halafu watu wazima mnasambaza picha zao kwenye simu! Acheni, nawaomba.

Jiwe Gumu: Na aliyeibiwa naye anyamaze?

Mama Ustawi: Aende polisi. Picha ya mtoto hairudishi televisheni.

Kijana wa Zamu: Mimi naitwa "teja" sasa hivi na hata sigara sivuti. Nifanyeje?

Bi Mkubwa: Hama.

Jiwe Gumu: Usihame, watasema umekimbia. Jifunze ufundi, watakuita fundi.

Msafiri: Mimi nilihama. Wiki ya kwanza kazini bosi akanikabidhi funguo za duka, hajui lolote kunihusu. Nililala nimezishika mkononi.

Nyota Njema: Ulikuja kumwambia?

Msafiri: Bado.