Haki ya ardhi huanza lini: pori linapofyekwa au hati inapotolewa?

Mjukuu wa Kwimba: Ndugu wanajukwaa, babu yangu alihama Kwimba kwenda Geita katika miaka ya 1950, wakati wakoloni, kwa mpango wa maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947, walipokuwa wakihimiza watu wahamie magharibi ili kupunguza msongamano wa watu na mifugo. Alifyeka pori, akapanda minyaa mpakani, na hakuwahi kupewa karatasi. Je, haki yake ilianza siku aliyoshika shoka, au bado haijaanza?

Mzee wa Mipaka: Wengi hueleza kwamba neno "ntemi", yaani chifu wa Wasukuma, limetokana na kutema, yaani kukata miti: aliyetangulia kufungua pori ndiye aliyewagawia waliofuata. Hata hivyo, shoka peke yake halikutosha. Utotoni nilimwona mgeni akizungushwa shambani na wazee wawili pamoja na majirani wa kila upande, wakisimama kila kona, penye mti huu na kichuguu kile, mpaka wote wakaridhia. Haki ilizaliwa pale. Pori lilipokuwa tele, aliyegombana na jirani alisogea mbele. Pamba ilipoleta fedha na ardhi ikaadimika, watu wakaanza kuandikiana kwenye karatasi za daftari mbele ya mashahidi.

Msoma Sheria: Haki hiyo haikusubiri hati. Mwaka 1994, katika shauri la Lohay Akonaay, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaipa hakimiliki ya kimila hadhi sawa na ile inayotolewa na serikali. Hati ni uthibitisho, lakini itafute mapema, kwa maana mashahidi hufariki.

Binti Mzinza: Naomba tusisahau kwamba pori hilo lilikuwa na wenyewe. Sisi Wazinza tulikuwa tukiwinda, tukirina asali na kulima humo, na kila tunapomwita mhamiaji "mtu wa kwanza" tunamfuta aliyemkaribisha. Babu yako alipokelewa na nani?

Mjukuu wa Kwimba: Dada, alipokelewa na mzee wa Kizinza, ambaye mwanawe ndiye jirani yetu wa mashariki hadi leo. Nitamwomba tuzunguke mpaka pamoja kabla sijakwenda ofisi ya kijiji.