Kulegeza masharti ya janga: tuangalie tarehe, wagonjwa wapya, R au nafasi hospitalini?

Mleta mada

Wadau, salamu. Kila mjadala wa UVIKO-19 unaishia palepale: huyu anasema serikali zilichelewa kufungua watu wakaumia kiuchumi, yule anasema zilifungua mapema wimbi likarudi. Naomba tuweke lawama pembeni tuangalie utaratibu wenyewe.

Likija janga jingine la njia ya hewa na shughuli zikafungwa, nini hasa kitazamwe kabla ya kulegeza? Vinavyotajwa sana ni vinne: tarehe iliyopangwa, idadi ya wagonjwa wapya, ile namba R, na nafasi hospitalini. Kipi kina uzito, na kipi kinapotosha? Tena, vifunguliwe vyote kwa mpigo au kimoja kimoja, na kati ya hatua na hatua upite muda gani? Naomba majibu yenye namba. "Inategemea" tumeisikia vya kutosha.

Mwendo wa Wimbi

Mkuu, anza na muda, maana hapo ndipo wengi walipoteleza.

Kwa kirusi cha mwaka 2020, aliyeambukizwa alianza kuona dalili baada ya siku 5 hivi, wengine hadi 14. Aliyezidiwa alifika wodini kama wiki moja baada ya dalili, na vifo vilionekana wiki ya tatu au ya nne tangu siku ya kuambukizwa. Ongeza siku za kusafirisha sampuli, kuipima na kuingiza jibu kwenye daftari. Kwa hiyo ukifungua leo, hospitali haitakwambia kitu kwa wiki mbili nzima, na siku itakaposema, walioambukizwa ndani ya wiki hizo mbili wameshaambukiza wengine.

Sasa piga hesabu. R ni wastani wa watu wanaoambukizwa na mgonjwa mmoja. Tangu mtu aambukizwe hadi yeye amwambukize mwingine zilipita siku 5 hivi, yaani wiki nne zina mizunguko 5.6. Tuseme una wagonjwa wapya 1,000 kwa siku:

- R ikiwa 0.8, baada ya wiki nne wanabaki kama 290.
- R ikiwa 1.1, wanafika kama 1,700.
- R ikiwa 1.3, wanafika kama 4,350.

Tazama huo mstari wa mwisho. Ukigundua kosa baada ya wiki nne, ukafunga tena na kurudisha R kwenye 0.8, utahitaji siku 33 kurudi kwenye 1,000 uliyoanza nayo. Wiki nne za kufungua vibaya zinalipwa kwa karibu wiki tano za kufunga upya, na wakati huo wodi zimejaa. Hii ndiyo sababu sikubaliani na kufungua vyote kwa mpigo. Likiharibika jambo, hutajua ni kipi kati ya vile ulivyofungua kilicholeta shida, itabidi ufunge vyote.

Mpango wa Uingereza wa tarehe 22 Februari 2021 uliliweka hili vizuri: angalau wiki tano kati ya hatua na hatua, nne za kusubiri takwimu zionyeshe athari na moja ya kuwapa watu taarifa wajiandae. Tarehe ziliandikwa (8 Machi, 12 Aprili, 17 Mei, 21 Juni) lakini tatu za mwisho zilitajwa kuwa "si mapema kuliko". Aina ya kirusi ya Delta ilipoanza kuenea, hatua ya mwisho ikasogezwa hadi 19 Julai. Tarehe basi ina kazi yake: inamzuia mwanasiasa asiharakishe, na inampa mfanyabiashara mahali pa kuanzia mipango. Ikigeuzwa kuwa ahadi, inaharibu.

Jambo la pili ni kuweka mizani miwili, mmoja wa kufunga na mwingine wa kufungua, na kuitangaza yote kabla. Sheria ya Ujerumani ya Aprili 2021 ilikwenda wilaya kwa wilaya. Wilaya ikizidi wagonjwa wapya 100 kwa kila watu 100,000 ndani ya siku saba, kwa siku tatu mfululizo, breki, yaani masharti ya kufunga, inakamata keshokutwa yake. Kuiachia kulitaka siku tano za kazi mfululizo chini ya 100. Bila tofauti hiyo, wilaya inayocheza kati ya 98 na 103 ingefunga na kufungua kila baada ya siku mbili, na hakuna mtu angefuata tena.

Na hiyo R usiitumie peke yake wagonjwa wakiwa wachache. Kirusi hiki hakikuenea kwa usawa: sehemu ndogo ya wagonjwa, kama asilimia 10 hadi 20, ilihusika na karibu asilimia 80 ya maambukizi. Eneo lenye wagonjwa sita likipata sherehe moja mbaya, R inaruka hadi 3 wiki hii na kurudi 0.5 wiki ijayo. Namba ni sahihi kihesabu, ila haifai kuamulia.

Daftari la Maabara

Naongeza kwa mwenzangu hapo juu, maana yote aliyosema yanasimama juu ya takwimu, na takwimu zenyewe zina magonjwa yake.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Mei 2020 ulitaka vipimo chanya viwe chini ya asilimia 5 kwa angalau wiki mbili, pia kwamba kwa angalau asilimia 80 ya wagonjwa wapya, waliotangamana nao wawe wamepatikana na kuwekwa karantini ndani ya saa 72. Watu wengi walishika ile 5 tu. Angalia inavyodanganya. Maabara imepokea sampuli 2,000 za watu wenye dalili, 200 ni chanya: asilimia 10. Wiki inayofuata wenye dalili ni walewale 2,000 na chanya ni 200, lakini zimeongezwa sampuli 3,000 za wasafiri wanaotaka cheti, kati yao 15 ni chanya. Jumla ni 215 kati ya 5,000, sawa na asilimia 4.3. Kigezo "kimetimia" na mtaani hakuna kilichobadilika. Wasafiri, wanaopimwa kabla ya upasuaji na wanaorudia kipimo ili waruhusiwe kutoka wodini, wote wawekwe kwenye safu yao. Asilimia ya kuamulia itoke kwa wenye dalili pekee.

Kosa la pili ni tarehe. Chora grafu kwa siku sampuli ilipochukuliwa, siyo siku jibu lilipotangazwa. Ukitumia ya kutangazwa, maabara ikisafisha mrundikano wake Jumanne utaona "wimbi" ambalo halipo. Lakini ukitumia ya sampuli, kumbuka siku tatu nne za mwisho hazijajaa, kwa hiyo mstari utaonekana unashuka kila siku ya Mungu. Zipake rangi ya kijivu au zikate kabisa kabla grafu haijafika mezani kwa waamuzi. Wastani wa siku saba ni lazima, kwa sababu wikendi watu hawapimwi sana.

Tatu, chombo chenyewe. Kati ya 25 Septemba na 2 Oktoba 2020, wagonjwa 15,841 wa Uingereza hawakuingia kwenye ripoti za kila siku kwa sababu majibu yalipitishwa kwenye faili la Excel la muundo wa zamani, ambalo mwisho wake ni mistari 65,536. Iliyozidi ilidondoka kimyakimya. Wagonjwa wenyewe walipata majibu yao, ila waliotangamana nao walichelewa kutafutwa, na kwenye kazi hii kuchelewa siku chache ni mzunguko mzima wa maambukizi. Kila usiku linganisha idadi ya mistari iliyotoka maabara na iliyoingia kwenye hifadhidata. Ni kazi ya dakika tano.

Dirisha Wazi

Nawaheshimu waliotangulia, lakini mjadala ukibaki kwenye mizani ya kufunga na kufungua tunasahau swali la haki: kila sharti linagharimu nini, na linazuia nini? Sharti lisilozuia kitu liondoke leo, halihitaji kusubiri wiki tano.

Hewa ndiyo ya kutazama kwanza. Ugonjwa wa njia ya hewa huenea zaidi ndani, penye watu wengi, kwa muda mrefu, wakiongea kwa sauti au kuimba. Kwa hiyo viwanja, bustani na fukwe zilikuwa za kufunguliwa mwanzo kabisa, na kuzifunga kuliwasukuma watu wakutane vyumbani. Vilabu vya usiku viwe mwisho. Katikati, pima chumba badala ya kubishana. Hewa ya nje ina kaboni dioksidi takribani 420 kwa milioni, na pumzi inayotoka kinywani ina kama 40,000. Kifaa kikisoma 1,200 ndani ya darasa, maana yake karibu asilimia 2 ya kila pumzi unayovuta imeshatoka kwenye mapafu ya mtu mwingine. Chini ya 800 panaridhisha, juu ya 1,500 fungua madirisha au punguza watu. Usikiweke kifaa dirishani wala mbele ya uso wa mtu. Kiwekwe usawa wa kichwa cha aliyekaa, mbali na mlango, na usome baada ya nusu saa ya watu kuwamo.

Shule ziwe mapema kwenye orodha. Uganda ilizifunga Machi 2020 na kuzifungua kikamilifu Januari 2022. Kukosa shule kwa karibu miaka miwili ni hasara ambayo haionekani kwenye grafu ya wodi yoyote, na mtoto hawezi kurudishiwa.

Halafu ile hoja kwamba amri ndiyo iliyoua biashara nayo ipimwe. Austan Goolsbee na Chad Syverson wa Chuo Kikuu cha Chicago walitazama mienendo ya simu za wateja huko Marekani mwaka 2020: wateja walipungua kwa asilimia 60, na amri za serikali zilieleza pointi 7 tu kati ya hizo. Waliobaki nyumbani wengi walibaki kwa hofu yao wenyewe. Mwenye duka anayedai amri iondolewe ajue wateja watarudi pale watakapoamini kuwa ndani ni salama.

Kuhusu "wazee walindwe, wengine waachwe", hoja ya Azimio la Great Barrington, tamko la wanasayansi waliopinga kufunga shughuli, la Oktoba 2020, siipingi kwa jazba ila kwa utekelezaji. Sweden ilipiga marufuku kutembelea nyumba za wazee tarehe 1 Aprili 2020, na bado tume yake yenyewe ilisema Desemba mwaka huo kwamba wazee hawakulindwa, sababu kubwa ikiwa ni maambukizi kuenea katika jamii. Wanaowaogesha na kuwalisha wazee huishi mtaani kama sisi wote.

Mleta mada

Shukrani sana, nimeelewa kuliko nilivyotarajia. Swali la nyongeza: palipo na maabara chache na majibu ya kuchelewa, vigezo hivi vyote si vinakufa? Na hospitalini, tuhesabu vitanda?

Fundi Oksijeni

Usihesabu vitanda. Kitanda ni chuma na godoro, kinaweza kuongezwa kwa siku moja. Hesabu oksijeni na wauguzi.

Mgonjwa mkali wa UVIKO-19 hukadiriwa lita 10 kwa dakika, mahututi hadi 30. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 ukiufungua kwa lita 10 unaisha baada ya saa 11 na dakika 20, kwa hiyo mgonjwa mmoja anamaliza mitungi miwili na ushee kwa siku. Wodi ya wagonjwa 20 inakula lita 288,000 kwa siku, mitungi kama 42. Gari la kujaza likichukua siku mbili kwenda na kurudi, unahitaji 42 inayotumika na 84 iliyo njiani, jumla 126, na hapo hujaweka akiba. Upungufu huanza kwenye mzunguko huu wa mitungi wakati mtambo wa oksijeni bado unazalisha vizuri, ndiyo maana ripoti ya uzalishaji pekee haionyeshi hatari.

Zile mashine za kando ya kitanda, zinazochuja oksijeni kutoka hewani, nazo zisihesabiwe kama mtambo. Ya lita 5 ukiisukuma itoe 8, usafi wa oksijeni unashuka chini ya asilimia 82 inayokubalika, na umeme ukikatika inazima. Kila mashine iwe na mtungi wa dharura pembeni.

Kwa penye maabara chache, kigezo kipo: mitungi iliyotumika kila siku, wastani wa siku saba. Muuguzi wa zamu huiandika hata pasipo kipimo kimoja cha maabara. Kinachelewa kuliko vipimo, kwa hiyo kinahitaji nafasi kubwa zaidi. Rudi kwenye hesabu ya Mwendo wa Wimbi: kosa la wiki nne kwa R ya 1.3 linazidisha wagonjwa mara 4.35. Basi usichukue hatua inayofuata ya kufungua mpaka matumizi ya sasa yawe chini ya robo ya oksijeni unayoweza kuifikisha kitandani kwa siku. Mwenye uwezo wa kufikisha mitungi 160, mizani yake ni 36, si 40, maana 160 ukigawa kwa 4.35 unapata 36 na kitu. Na mitungi inayotumika kwa siku ikifika 80 ikiwa bado inapanda, sitisha hatua zote siku hiyohiyo, kwa sababu wagonjwa wa wiki mbili zijazo wameshaambukizwa.