Naomba ushauri: namleta mama Dar kwa mara ya kwanza

Habari zenu wakuu. Mwezi ujao namleta mama kutoka Kondoa kuja kutembea Dar es Salaam. Hajawahi kuiona bahari, na hilo ndilo kubwa kwangu. Hadi Dodoma tutapanda basi, halafu treni ya SGR.

Nimefikiria kumvusha kwa pantoni kutoka Kivukoni hadi Kigamboni ili ayaone maji kwa karibu, kisha tutafute ufukwe uliotulia. Wenyeji, ni saa ngapi foleni ya pantoni inapungua? Magoti yanamsumbua, kusimama muda mrefu hawezi. Jioni tungeenda Coco Beach kula mihogo, ila Jumapili naona watu ni wengi mno kwa mtu mzima. Au nakosea?

Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert lazima tufike. Kariakoo ndiyo inanitia wasiwasi: anataka kuchagua vitenge mwenyewe, nami naogopa msukumano na vibaka. Asubuhi na mapema kunapitika? Na kutoka Kivukoni hadi Kariakoo, kwa hali yake, mnashauri mwendokasi au bajaji?