Methodi irudishe thamani mbili tupu, au tuziundie klasi?

Wakuu, naomba tujadili jambo linalonikera kila ninapopitia msimbo wa wenzangu. Methodi, yaani kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina lake, inatakiwa kurudisha latitudo na longitudo. Mtu anarudisha safu yenye namba mbili, au jozi isiyo na jina, basi kamaliza. Anayeipokea ndiye anayebaki kujiuliza ipi ni ipi. Niliwahi kuhangaika siku mbili na ramani iliyotupa alama katikati ya bahari, kumbe mahali pamoja mpokeaji alianza na longitudo. Zote ni namba za desimali, kwa hiyo kompaila, programu inayotafsiri msimbo na kukagua aina za data, haikuwa na la kulalamikia.

Msimamo wangu: thamani zinazosafiri pamoja zina jina lake, kalitafute, uziundie klasi, yaani aina yako mwenyewe ya data. Kwenye lugha ya Java kisingizio kiliisha mwaka 2021, toleo la 16 lilipoleta rekodi, klasi fupi ya kubeba data tu. Unaandika record Mahali(double latitudo, double longitudo) {} na kazi imekwisha, hata equals na hashCode, methodi za kulinganisha vitu, unapewa.

— Mkuu, hapo umezidisha. Python ina divmod: ukiipa 17 na 5 inakurudishia 3 na 2, jibu la kugawanya na baki lake. Uiundie klasi ya nini? Go nayo inarudisha jibu pamoja na kosa kila siku na watu hawapotei. C# tangu toleo la 7.0, mwaka 2017, jozi zake zinabeba majina. Halafu hiyo rekodi yako bado inajazwa kwa mpangilio; nikianza na longitudo, kosa ni lilelile.

— Kuhusu Go nakubali bila kinyongo: jibu na kosa ni aina mbili tofauti, ukizigeuza kompaila itapiga kelele. Divmod pia sawa, inafuata tunavyotamka hesabu yenyewe. Ila majina ya C# hayakulindi sana. Ukiifungua jozi hiyo kwenye vigeu ulivyovipanga kinyume, lugha inafuata nafasi, haitazami majina.

La rekodi kujazwa kinyume, umenibana kweli. Lakini inajazwa ndani ya methodi moja, ilhali jozi inafunguliwa na kila anayeiita. Tena konstrakta yake, sehemu inayoiunda, inaweza kukataa latitudo iliyovuka 90 au iliyoshuka chini ya -90. Longitudo ya 120 ikiingia mahali pa latitudo inakwama hapohapo. Ya 35 inapita bila kushtukiwa. Aliye na njia ya kuinasa hiyo ya 35 pasipo kuunda aina mbili mpya, Latitudo na Longitudo, aiweke hapa.