Ndege ya Kisumu hadi Nairobi huchukua muda gani hasa?

Mlezi wa Milimani: Hamjambo, ndugu zangu. Naomba kujua ndege ya Kisumu hadi Nairobi huchukua muda gani. Mama yangu atasafiri wiki ijayo. Atatua Nairobi saa nane mchana na kuunganisha ndege nyingine saa kumi na nusu. Je, muda huo unatosha? Usingizi umenipaa.

Kondele Halisi: Angani ni takriban dakika 45 hadi 50, kwa kuwa umbali wa moja kwa moja haufiki kilomita 300. Kwa barabara ya Kericho na Nakuru ni kama kilomita 350, nalo basi hula siku nzima.

Mzee wa Nakuru: Sisi huku tuna kilomita 160 tu hadi Nairobi. Mwaka jana nilimsindikiza mwanangu, lori likapinduka karibu na Gilgil, tukakaa pale saa tatu. Tulipofika, kaunta ilikuwa imefungwa, na kijana alilia mbele za watu. Tangu hapo husafiri siku moja kabla.

Binti Kano: Ndege hiyo ya pili inakwenda wapi? Ni tiketi moja au mbili?

Mlezi wa Milimani: Ni mbili. Anakwenda Dubai kwa dada yangu aliyekaribia kujifungua. Ana miaka 67, magoti yanamsumbua, na hajawahi kupanda ndege. Atakuwa peke yake. Tafadhali msinilaumu: nimekwisha kuacha amana kwa wakala, na basi la usiku lingemvimbisha miguu.

Mama Wawili: Mwanangu, mzazi wa umri huo hasafirishwi kama kifurushi. Tafuta wa kumsindikiza hata ikibidi ukope.

Msomaji Makini: Naona uzi huu umetungwa. Nairobi ina viwanja viwili vinavyopokea ndege za Kisumu, na mtu mwenye wasiwasi wa kweli angekuwa ameutaja wake.

Mlezi wa Milimani: Sijatunga, ndugu yangu. Karatasi ninayo mkononi, imekunjwa mara nne kwa sababu mama huiweka ndani ya Biblia yake. Mbele ya neno Nairobi pameandikwa WIL. Nilidhani ni kifupisho cha jina la karani.

Msomaji Makini: Niwie radhi, nimekuamini. WIL ni Wilson, ilhali ndege ya Dubai huondokea Jomo Kenyatta, yaani NBO. Mama atalazimika kuchukua mizigo yake, kutafuta teksi na kupita Barabara ya Mombasa, ambayo msongamano wake hautabiriki.

Kondele Halisi: Kaunta za safari za nje kwa kawaida hufungwa saa moja kabla ya ndege kuondoka, kwa hiyo muda wako halisi ni saa moja na nusu. Na kwa kuwa tiketi ni mbili, akichelewa hakuna atakayemngoja. Omba ndege ya asubuhi inayotua NBO, na uombe mapema kiti cha magurudumu kwa safari zote mbili, ili mhudumu ampokee mlangoni na kumwongoza.

Mlezi wa Milimani: Ya asubuhi ni ghali zaidi, ndiyo maana niliikwepa. Nimemwandikia wakala sasa hivi abadilishe. Mama bado yuko macho; ameniuliza kama mhudumu huyo atakuwa anajua Kiswahili.

Binti Kano: Mwambie anajua.