Penye wazee haliharibiki neno, ila mabao tunafungwa: nahodha wetu ashushwe kutoka mstari wa kwanza

Wakuu, acheni niliteme hili kabla halijanipasua. Kabla hamjaanza kurusha mawe: jezi ya nahodha wetu ninayo, ile ya zamani, na herufi C ya unahodha kifuani imeshaanza kubanduka kwa kufuliwa. Simchukii. Timu sitaitaja na yeye simtaji, maana nikitaja tu uzi utageuka mashindano ya nani anamheshimu zaidi, na mimi nataka tuzungumzie hoki ya barafuni, na kwa nini bado yumo mstari wa kwanza, lile kundi la washambuliaji linalopewa dakika nyingi zaidi.

Kila nikilalamika jibu ni lile lile. "Huyo ni kiongozi." "Huelewi thamani yake kwenye chumba cha kubadilishia nguo." "Penye wazee haliharibiki neno." Sawa, neno haliharibiki. Lakini waliotunga hiyo methali hawakusema penye wazee hampigwi bao la kusawazisha kipindi cha tatu.

Mechi ya juzi mliiona wote. Tunaongoza kwa bao moja, zimebaki dakika sita na ushee. Zamu ya kawaida kwenye hoki ya barafuni ni sekunde arobaini na kitu, ukizidisha sana hamsini, halafu unakimbilia benchi mwenzako aingie. Mzee alikuwa ameshapita dakika nzima mle ndani. Wao wakanyang'anya kisahani (ndicho mpira wa huku) kwenye mstari wao wa buluu, mpaka wa eneo lao, winga wao akachomoka. Mzee yuko hatua moja mbele yake. Hatua moja! Miaka mitano iliyopita pale unamuona anageuka, visu vya viatu vinachimba barafu mara tatu, kazi imekwisha. Juzi aligeuka kama lori linalotafuta pa kugeuzia. Dogo akampita. Ikabaki gongo tu ndilo linakwenda mbele, miguu imebaki nyuma, akamnasa yule mtoto kiunoni. Mkono wa mwamuzi juu. Dakika mbili nje, tumebaki wanne, na haikupita hata dakika tukafungwa.

Hapo bado sijakasirika. Kilichonikasirisha ni muda wa nyongeza. Watatu kwa watatu, barafu yote iko wazi kama uwanja wa ndege, hapo ndipo miguu inapoumbuka kuliko popote. Nani anaingia? Mzee. Na kamera ikatuonyesha benchi: yule kijana wetu wa miaka 21, mwenye kasi kuliko wote pale, ameshapandisha mguu mmoja juu ya ukuta tayari kuruka ndani, na kocha akamshika bega akamrudisha akae. Mguu ukarudi taratibu. Sekunde chache baadaye kipa wetu alikuwa anaokota kisahani wavuni.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo hoja yangu ilipo. Kipindi cha pili cha mechi hiyo hiyo, wakati wa mapumziko ya matangazo, kamera ilimkuta mzee amekaa benchi na tableti mkononi, yule kijana kaegemea bega lake. Mzee anamwonyesha kwa kidole jinsi beki wao anavyofungua nyonga kabla ya kugeuka. Anarudisha nyuma, anaonyesha tena. Zamu iliyofuata kijana akamwendea beki yule yule, akasubiri nyonga ifunguke, akapita upande wa pili, bao. Lile ndilo bao lililotuweka mbele.

Huo ni uongozi, siupingi, nimeuona kwa macho yangu. Lakini angalieni alikuwa wapi alipoufanya. Alikuwa AMEKAA. Thamani yote mnayoniimbia aliitoa akiwa benchi, na hasara yote aliileta akiwa barafuni. Kwa nini basi tunampa dakika za mstari wa kwanza, na nafasi kwenye kikosi cha watano kwa wanne (wapinzani wakiwa na mtu nje kwa adhabu), kama malipo ya kitu anachokifanya akiwa ameketi?

Kuna watu wanadhani hii ni hoja ya moyo. Ni ya hesabu. Timu ya NHL, ligi kuu ya hoki Amerika Kaskazini, inavalisha watu 20 usiku mmoja: makipa wawili na wachezaji 18. Mechi ni dakika 60. Dakika unayompa mmoja umemnyima mwingine, haina kwingine inakotoka. Na kikomo cha jumla ya mishahara ya timu hakina huruma. Msimu wa 2024-25 kilikuwa dola milioni 88, uliofuata milioni 95.5, na kikipanda namna gani bado ni dari. Hakuna mahali kwenye vitabu vya ligi pameandikwa kwamba mshahara wa mtu mwenye busara hauhesabiwi. Kinyume chake, mkataba wa miaka kadhaa wa mtu aliyeshatimiza miaka 35 una makali zaidi, kwa sababu hata akistaafu katikati unaweza kuendelea kukukalia shingoni.

Waulizeni Toronto. Mwaka 2017 walimchukua Patrick Marleau, anakaribia miaka 38, mkataba wa miaka mitatu, dola milioni 6.25 kwa mwaka. Nia ilikuwa nzuri: nyota wao Matthews na Marner walikuwa watoto, wanahitaji baba wa nyumba. Na kwa taarifa zote baba alikuwa baba kweli. Msimu wa kwanza akafunga 27, watu tukapiga makofi. Msimu wa pili 16. Na mwaka wa tatu bado haujaanza, huku Marner anataka mkataba wake mkubwa na pesa hakuna. Juni 2019 wakampeleka Carolina, na ili Carolina wakubali kumbeba ikabidi Toronto waambatanishe haki yao ya kuchagua chipukizi raundi ya kwanza. Yaani unampa mtu mzee wako, halafu unamlipa juu yake. Carolina hawakumchezesha hata mechi moja, walimlipa aondoke. Kwa ile nafasi ya raundi ya kwanza wakamchukua Seth Jarvis. Msimu wa 2023-24 Jarvis alifunga mabao 33.

Na Marleau si mtu wa kubezwa. Ndiye aliyempita gwiji Gordie Howe kwa rekodi ya idadi ya mechi, alimaliza na 1,779. Lakini msimu wake wa mwisho, mechi 56, mabao manne. Nampenda Marleau. Manne!

Wengine mtaniletea Mark Messier, nahodha wa zama zile. Leteni. Alipokwenda Vancouver mwaka 1997 alikuwa na miaka 36 na makombe sita, hakuna mtu kwenye mchezo huu aliyeitwa kiongozi kuliko yeye. Trevor Linden, nahodha wa Vancouver, akamwachia unahodha kwa heshima. Misimu mitatu, mtoano hawakugusa hata mara moja, na Linden mwenyewe akauzwa Februari 1998 kabla hata msimu wa kwanza haujaisha. Kiongozi ni yule yule aliyewanyanyulia kombe New York mwaka 1994. Kilichobadilika ni miguu, na timu iliyomzunguka.

Sisemi mzee atupwe. Narudia kwa wale wanaosoma kichwa cha habari tu: SISEMI ATUPWE. Nasema ashushwe. Mstari wa nne, dakika kumi na moja kumi na mbili, agombee kisahani mduarani mwamuzi anapokidondosha kwenye eneo letu (hilo bado analiweza kuliko wote), na wakati wa watano kwa wanne asimame mbele ya kipa wao amzibe macho, asikimbizane na mtu. Mwili wake mkubwa bado upo. Kusimama hakuhitaji kasi.

Corey Perry ndivyo alivyofanya na timu zikaendelea kumtaka. Huyu alikuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2011, mabao 50. Anaheim wakamlipa aondoke mwaka 2019, na pale angeweza kugoma, akatafuta timu ya kumpa mstari wa kwanza afie huko. Badala yake akaenda Dallas kwa dola milioni moja na nusu, akacheza kwa zamu fupi, akakaa mbele ya goli kupigwa magongo mgongoni. Fainali 2020. Akaenda Montreal, fainali 2021. Tampa, fainali 2022. Edmonton, fainali 2024 na 2025. Zote tano kapoteza, maskini, hilo nalo ni balaa la aina yake. Lakini hakuna timu inayofika pale kwa bahati huku imebeba gunia. Alitimiza miaka 40 katikati ya mtoano wa 2025 na akamaliza na mabao 10 kwenye mtoano huo. Kwa nini? Kwa sababu alikubali kuwa mdogo.

Na unahodha wenyewe? Hapa najua nitatukanwa. Joe Thornton alivuliwa unahodha San Jose mwaka 2014, baada ya aibu ile ya kuongoza kwa mechi 3-0 mbele ya Los Angeles kwenye mtoano na kutolewa. Msimu uliofuata walicheza bila nahodha kabisa wakakosa mtoano, kwa hiyo ninyi wa upande wa pili chukueni pointi yenu hapo, nawapa. Lakini msimu wa pili mwenzake Pavelski akapewa C, na Thornton, miaka 36, bila ile C kifuani, akapata pointi 82 (mabao na pasi za mabao), na San Jose wakafika fainali ya kwanza katika historia yao. Kuna mtu aliacha kumsikiliza chumbani kwa sababu C haikuwa tena kifuani kwake? Ile herufi inakupa ruhusa ya kuongea na mwamuzi kuhusu sheria. Basi. Haikuandikiwa dakika.

Kwa hiyo mnaona, hasira yangu kubwa siyo kwa mzee. Mzee ni mchezaji, mchezaji ukimwambia ingia anaingia, ndivyo alivyolelewa tangu utotoni. Hasira yangu ni kwa kocha na waliopo juu yake, ambao wanaogopa mazungumzo ya dakika kumi ndani ya ofisi. Boston waliweza. Zdeno Chara aliwaongoza miaka 14, akawapa kombe 2011, na mwaka 2020 wakamwambia waziwazi kwamba wanakwenda na vijana. Iliuma. Akahamia Washington, akaendelea na maisha, Bergeron akachukua unahodha, na hakuna nyumba iliyobomoka. Sisi tunaishi kwa matumaini kwamba siku moja mzee ataamka mwenyewe, ajitazame kwenye kioo, aseme basi. Mwanariadha gani huwa anasema basi wa kwanza? Mwili ndio husema, naye huwa wa mwisho kuusikia.

Na kuna kitu kingine kinaniudhi kimyakimya. Mzee anavyopewa dakika asizozistahili ndivyo anavyozidi kuzomewa. Juzi uwanja ulimzomea. Uwanja wake mwenyewe! Angekuwa mstari wa nne, zamu fupi, anashinda mduarani, anaziba shuti kwa mguu, wangesimama kumpigia makofi. Mnaojifanya kumlinda ndio mnaompeleka kila usiku mahali pa kuaibishwa.

NYONGEZA: Nimeona majibu, nijibu machache.

Aliyeuliza "umeshawahi hata kuvaa viatu vya barafu?" Ndiyo, na nilianguka. Haihusiani.

Aliyeniletea mkongwe Jagr na pointi zake 66 msimu aliotimiza miaka 44: mkuu, huyo ni mmoja. Ukianza kupanga timu kwa kumtegemea Jagr kutokea, hiyo ni bahati nasibu.

Aliyesema namshambulia mtu aliyekuwa mgonjwa: hapana. Mambo ya akina Toews, nahodha wa zamani wa Chicago, aliyekosa msimu mzima wa 2020-21 kwa ugonjwa, ni habari nyingine na siwezi kuichekea. Huyu wetu ni mzima. Ni umri tu.

Na wewe uliyesema "takwimu hazipimi moyo": moyo wake sijautilia shaka hata sekunde moja. Ndiyo maana aliipigania ile hatua moja hadi akamnasa mtu na gongo. Asiye na moyo angeacha dogo apite, tusingepata hata adhabu.

Aliyesema nisubiri kocha atabadilisha mwenyewe mechi ijayo, karibu usome na wewe. Mistari ya kesho imeshatoka baada ya mazoezi ya leo. Mzee mstari wa kwanza. Mzee kikosi cha kwanza cha watano kwa wanne. Kijana aliyefunga juzi ametajwa wa mwisho kabisa kwenye orodha, pamoja na wale ambao huenda wasivae jezi.