Siku nne na watoto na tenti: Bagamoyo, Pangani au Tanga mjini?

Baba3_Mbezi
Wakuu habari za jioni. Mimi, wife na watoto watatu (11, 8 na wa mwisho 4) tuna siku nne mwezi wa sita, gari ni Noah ya kawaida, tenti mbili na mtungi mdogo wa gesi. Nina njia tatu kichwani. Ya kwanza tuishie Bagamoyo na siku moja tuingie hifadhi ya Saadani. Ya pili tushike lami Bagamoyo–Msata–Segera–Muheza mpaka Tanga tulale huko. Ya tatu ndo roho inapotaka, tufuate mwambao wote, Bagamoyo, Saadani, Pangani mpaka Tanga, kila sehemu usiku mmoja. Watoto hawajawahi kulala nje na sitaki warudi wanakumbuka siti ya gari tu. Nisaidieni kuchagua.

Mchumbageni
Karibu Tanga mkuu, ila hiyo ya tatu ifute. Kila asubuhi unakunja tenti, kila jioni unafungua, huyo wa miaka minne atakuwa analia njia nzima.

Njoo mjini moja kwa moja. Mapango ya Amboni yapo kama km 8 tu kutoka mjini, njia ya kwenda Horohoro. Mwanangu alipoingia alinishika mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaniuma, baadae kidogo muongozaji akammulikia tochi juu akaona popo wamejipanga kwenye jiwe kama nguo kwenye kamba, basi hofu ikaisha hapohapo akataka abebe tochi yeye. Vaeni viatu vya kushika chini, kuna sehemu zinateleza na zingine mtu mzima anapita ameinama. Jioni Raskazone wanaogelea. Asubuhi mkate wa ajemi na maharage ya nazi, hapo sina la kuongeza.

MamaWaKaole
Mimi nampinga kaka hapo juu kwa heshima. Mtoto wa miaka minne masaa sita ndani ya gari ni mengi. Bagamoyo ukitoka Mbezi asubuhi saa nne ushafika, bado ana nguvu.

Magofu ya Kaole yapo kama km 5 kusini ya mji, kuna misikiti miwili na makaburi, msikiti wa zamani zaidi ni wa karne ya 13, na kuna kisima cha maji baridi karibu kabisa na bahari, wanangu walishangaa mno maji ya chumvi yapo hapo pembeni na haya yanaonjeka. Hapo jirani kuna sehemu wanafuga mamba. Alafu makumbusho ya misheni, ile ya mwaka 1868, wa miaka 11 ataelewa vizuri habari za msafara na utumwa, muelezeni wenyewe kabla hamjafika ili asikutane nayo ghafla.

Saadani sawa ila jueni mambo mawili. Kibali cha kuingia ni masaa 24, ingieni asubuhi mapema. Na ikinyesha ule udongo mweusi ni mfinyanzi mtupu, Noah haitoki. Mkipata boti mto Wami viboko mtawaona kwa karibu.

Mvuvi_Bweni
Wote mnaongelea kilomita, hakuna alieuliza maji ya bahari. Mimi nasema Pangani, lakini angalia mwezi kabla ya kuomba likizo.

Watoto wanapotaka kwenda ni kisiwa cha Maziwe. Wazee wanakumbuka kilikuwa na mivinje, sasa hivi ni fungu la mchanga tu, maji yakijaa linazama lote, yakikupwa linatoka jeupe katikati ya bahari na matumbawe kulizunguka. Siku za bamvua, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji yanakupwa sana kama saa nne asubuhi, mnaondoka ufukwe wa Ushongo mapema, mnaogelea, mchana mmesharudi kabla upepo wa kusi haujachachamaa. Ukija maji mafu, yaani siku za nusu mwezi, kupwa yenyewe inaangukia jioni, upepo ushaamka na fungu halitoki vizuri. Mtu analipia boti alafu anarudi analalamika kisiwa hakipo.

Njia yako ya lami ni sahihi, fika Tanga, shuka Pangani km 50 hivi, vuka mto uingie Bweni, Ushongo ni mbele kidogo. Njia ya ndani ya Saadani kwa Noah achana nayo.

Zuhura_T
Namuunga mkono mvuvi ila naongeza hili kwa uchungu. Mwaka juzi tulipanda boti sehemu fulani ya huu mwambao, tupo sita, laifujaketi mbili na zote za watu wazima. Nilishuka na wanangu, hela ya advansi ikapotea. Kaka omba uone za watoto KABLA hujatoa hata shilingi, mvalishe kila mmoja hapohapo ufukweni umkazie mikanda.

Na ulizia kijijini kama kuna kiota cha kasa kinakaribia kuanguliwa. Tulibahatika, vitoto vinatoka mchangani vinakimbilia baharini, wangu mpaka leo anavihadithia. Tochi mzime, vinapotea njia.

Baba3_Mbezi
Asanteni sana wote. Nimekaa na wife tumeamua: usiku wa kwanza Tanga, kesho yake Amboni asubuhi alafu tunashuka Ushongo usiku mbili hapohapo bila kuhama. Tarehe nasogeza ziangukie mwezi mpevu. Bagamoyo tutaenda wikiendi nyingine, dada wa Kaole nimekusikia. Swali la mwisho, tenti kwenye mchanga zinashika kweli?

Mvuvi_Bweni
Vile vigingi vyake havishiki. Beba viroba vitupu vinne kwa kila tenti, vijaze mchanga, funga kamba katikati ya kiroba, kifukie mpaka magotini. Mlango uelekeze nchi kavu maana kusi usiku inapuliza mchanga. Na usifunge chini ya mnazi hata kama kivuli ni kizuri, tizama juu kwanza, nazi kavu haipigi hodi.

Mchumbageni
Ukipita Muheza nunua machungwa ya njiani. Ukifika mjini uliza ajemi ya asubuhi, kabla ya saa mbili.